Kuchagua haditeli ya chuma Dar es Salaam: anza na fremu, vingine vitafuata

Mtu anayetoka Goba au Madale kwenda mjini kwa baiskeli anakutana na kila kitu asubuhi moja: kifusi kilichochimbwa na mvua, mchanga unaomeza tairi, matuta, lami iliyomeguka pembeni, na daladala inayomsukuma nje ya barabara. Jumamosi mtu huyohuyo anataka kupanda vilima vya Pugu hadi msitu wa Kazimzumbwi, na siku nyingine avuke na pantoni akazunguke Kigamboni. Baiskeli moja inayoziweza kazi hizo zote bila kumfilisi mwenyewe ni haditeli ya chuma, yaani baiskeli ya mlima yenye shokapu mbele tu, nyuma fremu kavu, na mabomba yote ya chuma.

Nikisema chuma namaanisha chuma kizuri. Mjini kwetu zimejaa baiskeli za chuma ambazo ni mizigo mitupu, nzito, zenye shokapu zisizofanya kazi mbele na nyuma, na rangi za kung'aa. Zipo pia chache za mtumba kutoka Japani na Ulaya zenye fremu bora ajabu, zimekaa kwenye vumbi na bei yake ni ileile ya zile mbovu kwa sababu muuzaji naye hazitofautishi. Mwongozo huu ni wa kukusaidia kuzitofautisha. Shika jambo moja: nunua fremu. Tairi, cheni, breki na gia vyote vinabadilika, tena kidogokidogo. Fremu mbovu haina dawa.

Hatua ya 1: Jiulize utaipeleka wapi

Usiruke hatua hii, ingawa ni fupi. Kama safari zako nyingi ni lami ya Barabara ya Bagamoyo na njia za mtaani, huhitaji shokapu ndefu wala tairi nene za kutisha. Kama unakaa Mbagala ndani au Kigamboni ambako mchanga ndiyo barabara yenyewe, upana wa tairi ndilo jambo lako kubwa kuliko shokapu. Kama unataka kubeba mzigo, tafuta fremu yenye matundu ya skrubu ya keria karibu na ekseli ya nyuma na juu kwenye mabomba ya nyuma. Fremu nyingi za chuma za miaka ya 1990 zina matundu hayo, na ni sababu mojawapo ya mimi kuzipenda.

Hatua ya 2: Jua ni chuma gani

Chuma cha fremu ni cha aina mbili kwa mnunuzi wa kawaida. Kipo chuma cha bei nafuu ambacho stika yake huandikwa Hi-Ten, na ipo kromoli, chuma kilichochanganywa na kromiamu na molibdenamu. Stika ya kromoli huandikwa Cr-Mo, Chromoly au 4130. Ukiona jina la Reynolds la Uingereza, Tange la Japani au Columbus la Italia, hao ni watengenezaji wa mabomba wenye heshima duniani, na fremu hiyo inastahili kutazamwa kwa makini.

Wengi hudhani kromoli ni nyepesi kwa asili yake. Hapana. Kipande cha kromoli na kipande cha chuma cha kawaida vyenye ujazo sawa vina uzito karibu sawa. Tofauti iko kwenye nguvu: kromoli ina nguvu zaidi, kwa hiyo mtengenezaji anaweza kufanya kuta za bomba kuwa nyembamba bila fremu kuvunjika. Mabomba mazuri huwa na ukuta mnene mwishoni, pale yanapochomelewa, na mwembamba katikati, mfano milimita 0.9 mwishoni na 0.6 katikati. Hapo ndipo uzito unapopungua, na hapo ndipo fremu inapopata ule mnepo kidogo ambao waendeshaji wa chuma wanausifu.

Soma stika yote. Wapo watengenezaji wanaoandika kwamba mabomba matatu makuu tu ndiyo kromoli, maana yake vyuma vya nyuma ni vya kawaida. Si vibaya, ila bei ishuke.

Stika ikiwa imebanduka, au fremu imepakwa rangi upya, kuna kipimo ambacho hakidanganyi kirahisi. Chomoa bomba la kiti na usome namba iliyogongwa karibu na mstari wa kikomo. Fremu nyingi za zamani zina bomba la nje lenye kipenyo cha milimita 28.6. Kama bomba la kiti linaloingia humo ni 27.2, 27.0 au 26.8, maana yake ukuta wa fremu ni mwembamba, na hiyo ni dalili nzuri ya kromoli. Kama ni 25.4 au 26.0, ukuta ni mnene, na chuma hicho huenda ni cha kawaida. Angalia tu kama kuna fundi aliyezungushia kipande cha bati kujaza nafasi, maana hapo namba haikuambii kitu. Fremu mpya zaidi zilizotengenezwa kupokea bomba la kiti la kupanda na kushuka hutumia 30.9 au 31.6, na hizo zihukumu kwa stika na uzito.

Uzito upime. Mizani ya kuning'iniza ya kupimia mizigo inatosha, na wauza nafaka wengi wanayo. Haditeli ya kromoli iliyokamilika huwa kati ya kilo 12 na 14 hivi. Ikifika 17, kuna kitu kizito mahali fulani, na mara nyingi ni fremu pamoja na shokapu.

Kwa atakayebahatika kukuta majina: Specialized Rockhopper na Stumpjumper za miaka ya 1980 na mwanzo wa 1990, Trek za namba 800 na kitu, Kona, Marin na GT za chuma, na Araya Muddy Fox ya Japani. Kwa fremu za kisasa kuna Surly ya Marekani, na Uingereza kuna Cotic, Ragley, Stanton na Genesis. Hata hivyo usinunue jina. Karibu kila kampuni kubwa imewahi kutengeneza baiskeli za bei ya chini, na jina kwenye bomba ni lilelile.

Hatua ya 3: Tafuta kutu ndani, si nje

Dar ni mji wa bahari. Hewa ina chumvi, unyevu haukauki, masika inapiga Machi hadi Mei na vuli Oktoba hadi Desemba. Kutu ya nje kwenye mikwaruzo si tatizo: sugua kwa msasa, paka rangi ya kuzuia kutu, maliza. Kutu inayoua fremu iko ndani ya mabomba, na maji huingilia kwenye kiti, yanateremka na kutuama chini kwenye kasha la krenki, yaani lile bomba fupi la fremu linaloshika ekseli ya krenki. Fremu inaweza kung'aa nje huku ndani imeliwa.

Kwa hiyo chomoa kiti. Hapa wauzaji wengi hawapendi, na namna unavyoomba ina uzito wake.

"Bosi, naomba nichomoe kiti kidogo."

"Cha nini tena kaka? Mzigo huu umeshuka kwenye kontena juzi tu."

"Najua mkuu, nataka nisome saizi ya bomba, nijue kama langu la nyumbani litaingia."

Akikubali, umepata mambo matatu kwa mpigo. La kwanza ni namba niliyoieleza. La pili, umejua kama bomba la kiti linatoka. Bomba la alumini lililokaa miaka ndani ya fremu ya chuma kwenye unyevu wa chumvi hushikana nayo kabisa, na kulitoa kunaweza kuharibu fremu. Kama halizunguki hata baada ya kulegeza boliti na kukishika kiti kwa mikono miwili, achana na baiskeli hiyo, isipokuwa kimo cha kiti kinakufaa kabisa na bei ni ya kutupa. La tatu, sasa unaweza kumulika ndani kwa tochi ya simu. Vumbi jekundu jepesi ni la kawaida kwa fremu ya miaka 30. Magamba yanayobanduka, au kutu inayomwagika kama unga ukigonga fremu kwa kiganja, ni sababu ya kuondoka.

Kisha ipindue baiskeli, magurudumu juu. Chini ya kasha la krenki fremu nyingi zina kitundu cha kutolea maji. Hakikisha hakijazibwa na tope au rangi. Pitisha kidole kwenye viungo vyote: pale vyuma vya nyuma vinapokutana na kasha la krenki, kwenye kidaraja kidogo nyuma yake kinachokusanya tope, na kwenye vishikio vya ekseli. Rangi iliyovimba vipovu ina kutu chini yake. Gonga kwa sarafu sehemu hiyo na sehemu nyingine nzima. Chuma kizima kinalia kwa sauti kali, kilicholiwa kinatoa mlio mfu.

Chukua na sumaku ndogo. Itakuonyesha kama fremu ni chuma kweli, kwa sababu haishiki alumini, na itakuonyesha pia kama mahali fulani tundu limezibwa kwa gundi ngumu na kupakwa rangi juu.

Hatua ya 4: Pima kama imenyooka

Simama mbele ya baiskeli, kisha ubavuni. Baiskeli iliyowahi kugonga kitu uso kwa uso huacha alama nyuma tu ya bomba la usukani, upande wa chini wa bomba la chini na la juu: mkunjo mdogo, au rangi iliyopasuka kwa mistari ya mkato. Macho yanaweza yasione, kidole kinahisi.

Kisha tumia uzi wa mwashi. Funga ncha moja kwenye kishikio cha ekseli ya nyuma upande wa kulia, upeleke mbele uzunguke bomba la usukani, urudi hadi kishikio cha kushoto, na ukaze. Pima kwa rula umbali kutoka uzi hadi bomba la fremu linaloshika kiti, kulia na kushoto. Tofauti ya milimita moja au mbili si kitu. Ikizidi tatu hivi, nyuma imepinda. Habari njema ni kwamba chuma hurudishwa kwa kunyooshwa baridi na fundi mwenye subira, kitu ambacho alumini haikubali. Kwa hiyo mpindo mdogo wa nyuma ni hoja ya kushusha bei tu. Mkunjo nyuma ya bomba la usukani sina masihara nao: usinunue.

Hapohapo pima nafasi kati ya vishikio vya ekseli ya nyuma. Baiskeli nyingi za mlima za zamani zina milimita 135, na habu, yaani vitovu vya gurudumu, za saizi hiyo zinapatikana. Fremu za karibuni zina 142 au 148 na ekseli nene ya kupenya. Ni imara zaidi, lakini ukiharibu habu yake utasubiri mtu anayetoka nje akuletee nyingine.

Kuhusu kuchomelea, kwa kuwa ndiyo sifa inayotajwa sana: ni kweli, fremu ya chuma iliyopasuka inaweza kuponywa hapahapa mjini, na Gerezani kuna mafundi wa vyuma wa kila namna. Ila bomba la kromoli lenye ukuta wa chini ya milimita moja halitaki mashine ya kuchomelea mageti. Litatoboka. Tafuta fundi wa gesi anayeunga kwa shaba, au mwenye mashine ya agoni, na umwambie wazi kwamba bomba ni jembamba kabla hajawasha moto.

Hatua ya 5: Saizi na mkao

Simama ukiwa umeipanda kama farasi, miguu yote chini, bomba la juu katikati. Pawepo nafasi ya sentimita 5 au zaidi kati yako na bomba. Kwa mtu wa sentimita 170, fremu ya inchi 17 au 18 huwa mahali pake, lakini namba hizo hupimwa tofauti na kila kampuni, kwa hiyo uamuzi wa mwisho ni mwili wako. Ukiwa umekaa na mikono iko kwenye usukani, viwiko vikunje kidogo na usihisi unavutwa mbele. Usukani ukiwa mbali, kishikio cha usukani kifupi zaidi kitaurudisha karibu, tena si ghali. Fremu kubwa kupita kiasi hairekebishiki.

Utasikia watu wakizungumzia pembe ya usukani, yaani mlalo wa bomba la usukani. Fremu za zamani ziko karibu na nyuzi 71: zinageuka haraka, nzuri kwenye foleni na kwenye kupanda, zinatisha kidogo kwenye mteremko wa mawe. Fremu za kisasa zimelala zaidi, 66 au hata chini, zimetulia kwenye mteremko lakini nzito kugeuza ukienda taratibu. Kwa matumizi ya kila kitu Dar, 68 hadi 70 ndiyo ningeitafuta. Miteremko yetu ya Pugu na Goba haihitaji zaidi ya hapo.

Hatua ya 6: Magurudumu na tairi

Kuna inchi 26, 27.5 na 29. Kwa mwendo, 29 inapita juu ya mashimo kwa ulaini zaidi na inashikilia kasi. Kwa maisha ya kila siku hapa, 26 ina faida moja kubwa: tairi na tyubu zake zinauzwa kila kona, Kariakoo hadi duka la mtaani. Kama wewe ni mrefu na unaendesha mbali, chukua 29 ila uwe na tairi ya akiba nyumbani. 27.5 ningeikwepa, isipokuwa fremu yenyewe ni nzuri mno kuiacha.

Tahadhari moja inayowagharimu watu. Tairi ya 28 ya baiskeli nyeusi za Phoenix haingii kwenye rimu ya 29, hata kama namba zinakaribiana. Rimu ya 29 ina kipenyo cha milimita 622, ile nyeusi ni 635. Namba hizi zimeandikwa ubavuni mwa tairi, kwa mfano 559 kwa inchi 26 na 584 kwa 27.5. Soma hizo, usisome inchi.

Watu husifu fremu ya chuma kwamba inameza mtikisiko. Inameza kidogo. Kinachomeza kweli ni tairi pana yenye upepo sahihi. Chukua upana wa inchi 2.1 hadi 2.25 kama fremu inaruhusu, na uhakikishe inabaki nafasi ya milimita 6 kila upande kati ya tairi na chuma, maana tope la masika linahitaji pa kupita. Mtu wa kilo 70 anaweza kuweka upepo wa psi (kipimo cha presha) 35 hadi 40 kwenye lami, na kushusha hadi 25 au 28 kwenye mchanga wa Kigamboni. Vijana wa kujaza upepo kwa kompresa huwa wanajaza mpaka tairi inakuwa jiwe. Waambie mapema, au beba pampu yako.

Tairi za mtumba kagua ubavuni. Mpira uliokaa miaka huwa na mipasuko midogomidogo na utapasuka njiani. Na kwa wanaopita majani makavu, mbigili ndiyo adui: tafuta tairi yenye mkanda wa kinga, au weka mkanda wa plastiki kati ya tairi na tyubu. Mfumo usio na tyubu ni mzuri, ila dawa yake ya kuziba matundu hukauka haraka kwenye joto letu na lazima uiongeze mara kwa mara.

Hatua ya 7: Shokapu au foku kavu

Ushauri wangu utawakera wengine: shokapu mbovu ni mbaya kuliko kutokuwa na shokapu. Shokapu za bei ya chini zina springi tu bila kitu cha kutuliza mrudisho, zina uzito, na chumvi ya hapa inazigandisha. Kagua miguu inayong'aa. Vidonda vya kutu au mikwaruzo mahali panapopita sili maana yake imekwisha. Ikandamize kwa uzito wako wote, kisha iachie: ikirudi kwa kuruka haina mtulizo, isiporudi yote imekwama.

Shokapu nzuri yenye mwendo wa milimita 100 inatosha kwa kila kitu. Foku kavu ya chuma, yaani isiyo na shokapu, nayo inatosha kwa mengi, haina cha kuharibika, na kwa tairi pana nitaichagua mara tisa kati ya kumi kwa mtu anayekwenda nayo kazini kila siku.

Usibandike shokapu ndefu kwenye fremu iliyozaliwa na foku kavu fupi. Kila milimita 20 unazoinua mbele, pembe ya usukani inalala nyuzi moja hivi. Ukiongeza 80, baiskeli inakuwa kitu kingine kabisa na shingo ya fremu inabeba mzigo ambao haikuandaliwa. Angalia pia kipenyo cha shina la foku: inchi moja na moja ya nane ndiyo rahisi kupata vipuri.

Hatua ya 8: Breki

Breki za V zinafaa, waya na pedi zake ziko kila mahali, na zinakamata vizuri kama rimu haijaliwa. Pitisha kucha kwenye uso wa rimu: ikiwa umebonyea katikati kama bakuli, rimu ni ya kubadilisha. Kasoro ya breki hizi ni tope na mchanga, vinavyosaga rimu masika nzima.

Breki za diski za waya ndizo ningemwekea ndugu yangu. Zinashika hata kwenye maji, na fundi yeyote anayejua waya wa breki anaziweza. Za mafuta zinashika vizuri zaidi, ila ujue zinatumia mafuta gani kabla hujanunua. Shimano hutumia mafuta ya madini. Baadhi ya kampuni hutumia mafuta ya breki ya DOT, yaleyale yanayouzwa kwenye maduka ya vipuri vya magari. Kuweka DOT kwenye breki ya mafuta ya madini kunaharibu sili zote, na fundi asiyejua atafanya hivyo kwa nia njema kabisa.

Kama fremu haina vishikio vya diski, usichomelee vishikio ili kuiga. Baki na V.

Hatua ya 9: Gia na krenki

Mfumo wa sahani tatu mbele na nyuma saba au nane si wa kisasa, lakini cheni yake ni nafuu na inaingiliana: gia sita, saba na nane za nyuma zinatumia cheni moja. Sahani moja mbele na gia 10 au 11 nyuma ni safi na rahisi kuendesha, ila vipuri vyake utavitafuta. Epuka 12 kama huna mtu wa kukuletea mzigo kutoka nje.

Jambo la maana zaidi ni habu ya nyuma. Zungusha gia za nyuma kwa mkono kinyumenyume, ukitazama meno madogo ya katikati pale spana maalumu inapoingia. Yakizunguka pamoja na gia, hiyo ni kaseti, na beringi ya ekseli iko nje karibu na fremu, kwa hiyo ekseli inahimili. Yakitulia wakati gia zinazunguka, hiyo ni friwili ya kuskurubu, beringi iko ndani, na ekseli hupinda kwa mtu mzito au mashimo mengi. Friwili ya gia saba inavumilika, ila iwe imeingia kwenye bei.

Pima cheni kwa rula: pini 24 mbele kutoka pini ya kwanza ziwe milimita 304.8. Zikifika 306.5, badilisha cheni. Zikifika 308, na gia za nyuma zimeliwa pia.

Shika krenki zote mbili utikise pembeni. Zikicheza, beringi imekwisha au boliti imelegea. Kwenye fremu nyingi kikombe cha beringi cha upande wa cheni kina uzi wa skrubu wa kinyume, kwa hiyo kinafunguka kwa kuzungusha mwelekeo wa saa. Pedali ya kushoto nayo ni hivyohivyo. Mkumbushe fundi kabla hajarukia spana ndefu.

Hatua ya 10: Iendeshe kabla ya kulipa

Acha kitambulisho au begi, au mwombe kijana wa dukani mwongozane. Tafuta kipande cha mchanga, tuta, na mwinuko mfupi. Panda mwinuko ukiwa umesimama, usikilize kama gia zinaruka. Kwenye lami tupu legeza mikono kidogo uone kama inavuta upande mmoja. Bana breki ya mbele ukiisukuma mbele na nyuma: ukisikia mgongano kwenye shingo, beringi za usukani zinahitaji kukazwa au gololi mpya.

Ukiridhika, orodhesha kwa sauti yote uliyoyaona, bila kejeli. "Mkuu, tairi zote mbili zimepasuka ubavuni, cheni imekwisha, krenki inacheza. Fremu nimeipenda. Nipe bei ya fremu." Tenga kama robo ya bajeti yako kwa ajili ya tairi, cheni, nyaya, pedi na grisi, kwa sababu utazihitaji hata kama muuzaji anaapa.

Andikishianeni. Namba ya fremu huwa imegongwa chini ya kasha la krenki. Iandike kwenye risiti pamoja na jina na simu ya muuzaji. Ukinunua kwa mtu binafsi, mkaandikishiane ofisi ya serikali ya mtaa mbele ya shahidi. Muuzaji anayekataa namba ya fremu kuandikwa, mwachie baiskeli yake. Na ukiagiza fremu kutoka nje, ukumbuke kodi hukokotolewa juu ya bei ya mzigo pamoja na usafiri na bima, siyo bei ya fremu peke yake.

Hatua ya 11: Wiki ya kwanza nyumbani

Fumua kila kitu, hata kama inakwenda vizuri. Fremu ikiwa tupu, nunua mafuta ya kitani yaliyochemshwa kwenye duka la rangi, ziba matundu kwa vitambaa, mimina ndani kidogo kwenye kila bomba na uigeuzegeuze fremu mpaka yaenee. Ining'inize siku mbili yakauke. Vitambaa vyenye mafuta hayo vitandaze nje vikauke kimoja kimoja, usivirundike ndani, kwa sababu vikirundikana vinaweza kuwaka moto vyenyewe.

Wakati wa kurudishia, paka grisi kila panapogusana vyuma viwili: bomba la kiti, uzi wa krenki, uzi wa pedali, boliti za keria. Kwa bomba la kiti la alumini, lichomoe kila mwezi, ulifute na kulipaka tena. Ukipita ufukweni au kwenye maji ya bahari, iogeshe kwa maji baridi yasiyo na presha siku hiyohiyo, uikaushe, na upake cheni mafuta.

Baada ya mwezi mmoja mpelekee fundi akaze spoki na kunyoosha rimu, kisha kaza boliti za krenki mwenyewe. Kila mwaka kabla ya masika, rudia mafuta ya kitani na uzibue kitundu cha chini kwa waya wa spoki.